Nafasi Yako Katika Nyumba ya Mtaa

Mbwajumali, Pate

Kwako Mwanakombo, mama Saumu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Saumu, kisha huyo aliye tumboni ambaye bado hajui kwamba wazazi wake wanagombana kwa simu. Vipi miguu, bado inavimba jioni? Kikohozi cha mama kimepungua? Na Saumu ameacha kulala na kandambili zangu, au bado anazikumbatia? Mimi ni mzima, mwili hauna neno, alhamdulillahi. Ila situlii. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friza ya nne, kwa sababu nikikaa kitako nainuka, na nikishainuka nasahau nilichotaka kusema.

Nimeona niandike kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza, na mimi pia sikupi. Mara ya mwisho ulisema maneno yako ukakata. Ulisema, "Omari, mimi hapa Vanga nikipika mchuzi bila chumvi, jirani anajua kabla mwenyewe sijauonja. Huko kwako nikishikwa na uchungu, wewe uko na barafu zako, nani atagonga mlango wangu?" Nikakwambia kuna zahanati. Ukaniambia hukuniuliza zahanati. Nikakwambia nyumba ina vyumba viwili na choo cha ndani. Ukaniambia hukuniuliza choo. Ukakata.

Haya, nimekuja kukujibu ulichoniuliza. Lakini jibu lina mzunguko, na ndani yake kuna mambo yanayoniudhi mpaka leo. Tafuta pa kuegemeza mgongo, uisome yote kabla hujamsomea mama.

Unanijua. Nilifika hapa na friza moja iliyotumika, mlango wake unafungwa kwa kamba. Leo ninazo sita na jenereta mbili, na wavuvi wa hapa mpaka wa Ndau wanakuja kwangu kuchukua barafu. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu wa namna yangu akiona jambo linaendeshwa ovyo, mkono unamuwasha. Na hapa kuna jambo moja limeniwasha tangu nilipofika. Wenyewe wanaliita Nyumba ya Mtaa.

Ni nyumba kuukuu ya mawe katikati ya mji, iliachwa na bibi mmoja asiye na watoto iwe ya majirani wote. Chumba cha mbele ndipo muuguzi anapopimia watoto uzito. Ukumbini mchana wanawake wanasuka ukili, na jioni watoto wanafundishwa hesabu humo humo. Chumba cha nyuma ndicho chenye maneno. Kimejaa rafu toka sakafuni mpaka darini, na kwenye rafu viko vyombo vya shughuli: masufuria ya kupikia watu mia, masinia, madele ya kahawa, miiko mirefu, pawa za vifuu vya nazi, vibao vya mbuzi vya kukunia nazi. Kila kimoja kina alama ya rangi ya boti chini yake. Nyota, jani, mistari mitatu, samaki. Kila nyumba ina alama yake na kipande chake cha rafu.

Nikakuta watu wanaishughulikia nyumba hiyo kama mama yao. Dari ikivuja, mtu anatoka baharini hajanawa chumvi anapanda juu. Siku ya kupaka chokaa nilihesabu. Mji una nyumba themanini na tatu, na walikuja watu wa nyumba sabini na tisa. Waliokosa ni nyumba tatu zenye wagonjwa, na mimi. Jenereta ilikuwa imegoma. Usinitazame hivyo, kweli ilikuwa imegoma.

Nikawa najiuliza, wanafaidi nini? Ukitaka vyombo vya harusi siku hizi vinakodishwa, unapiga simu vinaletwa na turubai juu. Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni utaratibu wao wa kuazimana. Sikiliza. Kukiwa na harusi au msiba, wanawake wawili wanatoka baada ya alasiri, nyumba hadi nyumba, kuomba vyombo. Vyombo vyenyewe viko chumba kimoja, kufuli moja, na ufunguo anao Bi Rukia. Lakini havitolewi mpaka kila mwenye chombo agongewe mlango, aamkiwe, aombwe, akubali. Na hakuna anayekataa! Nimeulizia. Hakuna mtu anayekumbuka nyumba iliyowahi kukataa. Sasa kama jibu ni ndiyo mara themanini na mbili, swali la nini?

Huyo Bi Rukia ni mtu mzima mwembamba, mzaliwa wa Amu aliyeolewa huku, na mpaka leo anasema ndia kwa njia, siswi kwa sisi na yeo kwa leo. Macho yake yanakupima kama mshonaji. Mwenyekiti wa Nyumba ya Mtaa ni Bwana Shee, seremala, mwenye ulimi mkali kuliko msumeno wake. Kwenye mkutano nikasimama mbele yao nikawaeleza kwa hesabu. Wanawake wawili, alasiri mbili nzima, milango themanini na mbili, halafu wanarudi kufungua kufuli moja. Nikasema mpeni Bi Rukia ruhusa ya jumla, mwenye shughuli aende achukue, dakika kumi mambo yamekwisha.

Wakanisikiliza kwa adabu sana. Kisha Bwana Shee akasema, "Bwana Omari, hesabu yako imenyooka, hata mbao zangu hazinyooki hivyo. Lakini Bi Rukia akimaliza kwa dakika kumi, siku iliyobaki tumfanye nini? Tumtie kwenye friza yako?"

Bi Rukia naye hakuinua uso kwenye ukili wake. "Nitieni," akasema, "lakini mniombe kwanza."

Ukumbi mzima ukacheka. Mwanakombo, nilirudi nyumbani masikio yanawaka. Nikazunguka ua mara sijui ngapi. Nikasema hawa wananiona mgeni, wananiona mtu wa kuja kuuza maji yaliyoganda. Nitawaonyesha mimi ni nani.

Nilipokwenda Mombasa kutafuta vipuri, nikanunua masufuria manne makubwa, yale mazito ya kupikia biriani, na masinia thelathini. Mapya, yanang'aa mpaka unajiona ndevu. Boti iliyokubali mzigo ule ilikuwa inashusha Mtangawanda, kwa hiyo toka pale tulikodi bodaboda, sufuria moja kwa kila pikipiki, dereva amelivaa mgongoni kama kobe. Watu wa njiani wote walitoka kutazama. Sikukasirika kutazamwa.

Ijumaa baada ya sala nikavipanga vyote ukumbini, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Hivi nimevitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kuanzia leo si vyangu. Mkivihitaji chukueni, msije kuniuliza." Wakaitikia amina, wakaniombea dua ndefu. Bi Rukia akanitazama kwa jicho la huruma. Mimi nikadhani ameguswa.

Baada ya hapo zikapita harusi mbili na msiba mmoja. Jirani yangu wa ukuta ni Bi Amina, mjane mwenye masinia mawili, moja lina tundu limezibwa kwa lami. Mara zote tatu nilisikia wakimbishia hodi. "Hodi, Bi Amina! Hujambo? Miguu yaendeleaje? Tumekuja kuomba masinia yako." Halafu mazungumzo yanafuata, nani anaoa, nani kafa na amekufaje, kuchagua mchele ni siku gani, njoo na ungo wako. Wanacheka, wanakunywa maji, wanaondoka. Kisha nasikia nyayo zao zinapita mlangoni kwangu. Zinapita, Mwanakombo. Hazipungui hata mwendo. Wanakwenda kubisha nyumba ya pili yake.

Mimi nilipata habari msikitini, kwa kipaza sauti, pamoja na wapita njia.

Unakumbuka usiku uliponiuliza mbona sauti yangu imekauka nikakwambia ni vumbi la jenereta? Halikuwa vumbi. Nilikuwa nimeamua kuondoka. Sikukwambia kwa sababu ungesema, "Nilikwambia." Nilishamwita mtu wa Ndau akaja kuzitazama friza, akazigongagonga pande zote kama anayenunua tikiti maji. Nikatoa begi juu ya kabati nikaanza kutia nguo. Kila siku naongeza kitu kimoja, kesho yake nakitoa maana nakihitaji. Nilikuwa nashinda hivyo, natia na kutoa, huku nakujibu kwenye simu kwamba huku ni kuzuri, njoo. Ndiyo maana ulikuwa unahisi maneno yangu hayana uzito. Yalikuwa hayana.

Basi ikaja harusi ya binti wa Bwana Shee. Waliniagiza barafu ya sharubati, na hiyo ni biashara, nikapeleka. Nafika kwenye ua wa mapishi, nakuta masufuria yangu yote manne yako motoni, vitako vimekuwa vyeusi tititi, na mpishi mmoja analikwangua la mwisho kwa mwiko wa chuma, mwiko wa chuma, ndani ya sufuria lile. Damu ikanipanda. Nikalitua gunia la barafu nikasema, "Hata kuniomba?"

Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi.

"Tukuombe nini?"

"Masufuria yangu!"

"Yako yapi? Haya?" Akaelekeza kwa kidevu. "Haya ya Mungu. Tungemuomba Mungu ruhusa, na bismillahi tumeshaisema."

Wakaangua kicheko, na mpishi akadakia, "Bwana Omari, lete hiyo barafu upesi, tena bakisha ya kuweka kichwani."

Niliondoka bila kula. Harusi ya watu, biriani ya mbuzi, nikaondoka bila kula. Nikaenda nikamwambia mtu wa Ndau aje na boti achukue friza wiki ileile.

Asubuhi yake Bi Rukia akaniita. Nilitaka nisiende, lakini yule mama akikuita miguu inakwenda yenyewe. Nikamkuta chumba cha nyuma anapanga vyombo vilivyooshwa, kila kimoja anakigeuza kutazama alama kabla ya kukiweka. Bwana Shee alikuwa mlangoni anakaza bawaba. Akanipa sahani ya biriani iliyofunikwa kwa kawa, ya jana, imepashwa moto. "Kula kwanza. Mwenye ndaa haambiwi neno."

Nikala nimesimama. Akachukua upawa mmoja kwenye rafu ya chini, akanipa. Kifuu chake kimepasuka katikati, mchuzi hauwezi kukaa humo hata tone.

"Mbovu huu," nikamwambia.

"Wa Bi Mize. Umepasuka miaka."

"Na mnauweka?"

"Twauweka, na kila shughuli twaenda kuuomba."

Nikajua ananichezea. "Mnakwenda kuomba upawa usioteka?"

"Kila mara. Twamwambia, Bi Mize, tumekuja kuomba upawa wako. Yeye hutwambia, uchukueni, lakini mwangalie msinivunjie." Akaurudisha mahali pake taratibu. "Bi Mize akaa peke yake. Hana kitu kingine cha kuombwa. Siku moja tumegonga, haitiki. Tukagonga tena. Tukasema huyu ajua tunakuya, hawezi kukosa kutuitikia. Bwana Shee akaung'oa mlango. Tukamkuta chini, ulimi mzito, upande mmoja haumtii. Boti ikamkimbiza hospitali. Weye wamuona kila siku ukumbini asuka ukili kwa mkono mmoja na kidole gumba cha mguu. Kama tungekuwa na dakika zako kumi, tungemuona lini?"

Bi Mize namjua, ndiye anayenitania kila nikipita eti nanuka baridi.

Lakini unanijua, nikishindwa napanda juu. Nikamwambia, "Sasa mbona hamkuniambia? Siku ile nimesimama pale natoa vyombo, watu wote mmekaa, mnaitikia amina, hakuna hata mmoja aliyenivuta shati!"

"Ulisema tusikuulize," akasema Bi Rukia. "Tukakutii. Mtu akisema mlango wake usigongwe, siswi ni nani tuugonge?"

Haki ya Mungu, Mwanakombo, nilihisi kama nimejifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe, ufunguo uko ndani. Maana hao watu hawaweki vitu pale viwe vya wote. Kila kitu kina mwenyewe, na kinabaki na mwenyewe, na hicho ndicho kinachowapeleka mlangoni kwake. Mimi mjuaji, mtu wa hesabu, nikatoa vingi kuliko wote na kwa mdomo wangu nikawaambia wasije. Bado nasema wangeniambia mapema, na hilo sitalibadilisha. Lakini aliyesema ni mimi.

Nikauliza kama ninaweza kuvirudisha viwe vyangu, niviweke upya kwa alama yangu. Bi Rukia akanitazama. "Ushampa Mungu. Utamnyang'anya?"

"Basi nitanunua vingine."

"Uviweke wapi? Rafu ni za wanawake."

Bwana Shee akacheka kule mlangoni mpaka bisibisi ikamponyoka. "Ndugu yangu, mimi mwenyekiti humu, na sina hata kijiko. Vyote vya mke wangu. Siku akiniacha nitakunywa uji kwa viganja."

Bi Rukia akaniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye, yuko Vanga. Akauliza, "Atakuya?" Nikawa natazama bawaba za mlango. Hakuuliza mara ya pili. Akachukua ncha ya leso yake, akasogeza masinia ya Bi Amina upande huu, akasogeza upawa wa Bi Mize upande ule, akafuta vumbi palipobaki. "Hapa pa mkeo," akasema, kisha akaendelea na kazi yake kama hakusema kitu.

Nilirudi nikazunguka ua tena. Mtu wa Ndau akaja na boti na watu wanne wa kubeba. Nikamwambia friza haziuzwi wiki hii. Akauliza wiki ijayo? Nikasema sijui. Akasema mwanamume gani hajui. Nikampa barafu bure ya kurudi nayo, akanyamaza.

Begi bado liko kitandani, nusu limejaa. Nalala upande.

Sasa nakuja kwenye lenyewe, lililonifanya nichukue kalamu. Juzi baada ya alasiri niko hapahapa, nafungua friza ya tatu, nasikia, "Hodi!" Nikadhani ni mlango wa Bi Amina, nikaendelea. "Hodi, Bwana Omari!" Nikaufunga mlango wa friza kidole changu kikiwa ndani. Nikaenda kufungua natikisa mkono. Bi Rukia na mwanamke mwingine, buibui zao safi kabisa, wamesimama kwa heshima kama wamekuja kuposa.

"Karibuni," nikasema. "Mnataka barafu?"

"Hatukuya kwa barafu. Tumekuya kuomba."

"Mniombe nini? Mimi sina kitu kule."

"Una nafasi," akasema Bi Rukia. "Nyumba mbili zimeleta madele mapya ya kahawa, yote kumi na mawili, na rafu zao zimejaa. Twaomba tuyaweke kwenye nafasi ya mkeo, mpaka atakapokuya na vyombo vyake."

Mwanakombo, wanaomba ruhusa ya kuweka vitu mahali patupu. Mahali ambapo yeye mwenyewe ndiye aliyepafuta vumbi. Nikamwambia, "Si mngeyaweka tu? Pako wazi."

"Hatuweki pa mtu bila ruhusa."

Nikataka kusema wekeni. Neno lilikuwa mdomoni. Halafu nikakumbuka rafu ni za wanawake, na mimi nimeshasema ruhusa nyingi za kijinga katika mji huu. Nikasema, "Mwenyewe hayupo. Sina mamlaka."

Bi Rukia akatabasamu, mara ya kwanza namuona meno. "Haya, muulize. Siswi twangojea." Akaniuliza habari zako, una mimba ya miezi mingapi, ni ya kwanza au ya pili, unapenda nini. Nikamwambia mitano, ya pili, unapenda embe mbichi kwa pilipili na kugombana. Wakacheka, wakanywa maji, wakaenda. Nikasikia wakibisha kwa Bi Amina.

Tangu hapo sina raha. Madele yamewekwa kwenye pakacha, sakafuni, chini ya nafasi yako, na kila anayeingia chumba kile anayaruka. Mji mzima unajua. Wavuvi wakija kuchukua barafu, kabla ya salamu, "Mkeo amejibu?" Imamu baada ya alfajiri ananishika mkono, nadhani ananipa mawaidha, "Mama Saumu amejibu?" Jana Bi Mize ameniita toka kibarazani, ulimi bado mzito, nikasogea karibu nimsikie vizuri. "Mwambie," akasema, "mimi jirani yake wa kulia pale rafuni."

Nimefanya hesabu upya, maana sijui kufikiri kwa njia nyingine. Shughuli hapa haipungui mbili kwa mwezi, ukichanganya harusi, maulidi na misiba. Kwa hiyo kila mlango unagongwa si chini ya mara mbili na watu ambao hawaondoki mpaka wasikie sauti ya mwenyewe. Zahanati haifanyi hivyo. Simu yangu na yako haifanyi hivyo, wewe unakata. Sasa naelewa kwa nini mtu anapanda dari ya Nyumba ya Mtaa hajanawa chumvi. Safari ijayo ya chokaa nitakwenda hata jenereta ikiwaka moto.

Uliniuliza nani atagonga mlango wako. Mpaka juzi jibu la kweli lilikuwa hakuna. Wangu nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Wako wameshaugonga na wewe bado hujafika.

Sikulazimishi. Nimejifunza kutojibu kwa niaba ya watu. Ukisema hapana, nitakwenda kumwambia Bi Rukia pale ni pa mtu mwingine, wapange madele yao, nami nitamwita mtu wa Ndau, nitakuja Vanga tuanze upya na kitu kingine. Nitaanza, nimewahi kuanza na kidogo zaidi. Lakini usikae kimya. Kimya siwezi tena.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kikohozi nimempa dereva aliyebeba barua hii, anywe asubuhi na jioni asiiweke kabatini kama ile ya kwanza. Nisalimie kaka yako fundi cherehani, ile suruali aliyonipunguzia imenibana, lakini nimepungua na mimi, sasa tuko sawa. Nisalimie dada yangu mkubwa, asiwe na wasiwasi, nakula. Mwalimu wa madrasa wa Saumu mpe salamu zangu na shukrani. Saumu mbusu, mwambie huku kuna bibi anasuka mkeka kwa kidole cha mguu, na amesema atamfundisha.

Mumeo, ambaye bado amesimama,
Omari

Nimesahau. Nimekwenda kuipima ile nafasi. Upana ni dhiraa moja na shubiri moja, kimo dhiraa moja kasoro vidole vinne. Lile sufuria la shaba alilokupa mama siku ya harusi yetu, lile linaloning'inia ukutani ambalo hata mimi sijawahi kuruhusiwa kulishika, nimelikumbuka mdomo wake na mishikio yake. Linaingia. Alama utachagua mwenyewe. Samaki na nyota zina wenyewe.